Nilivyokwenda Houston Kuifuta Sijambo Yangu

Shoga zangu wa Irving, tangu nirudi mmenipigia simu mmoja mmoja kuniuliza safari ilikuwaje, na kila mmoja nimemwambia "salama tu." Nawaomba radhi. Haikuwa salama tu. Basi liliharibika njiani, niliombewa dua kwa jina la Yesu, niliwapigia makofi watu waliotoka jela, na nililia mbele ya mwanamume nisiyemjua. Lakini Mswahili akiulizwa safari anajibu nini? Salama. Hata akirudi amebeba kichwa chake kwenye mfuko wa nailoni.

Ndiyo maana nimekaa naandika, mimi Mwanasha wenu, ambaye baadhi yenu mnaniita Mama Jagi kwa sababu ya ile Idi niliyommwagia mtu sharubati. Mwandiko mtanisamehe. Shule niliiacha Form Two, au tuseme yenyewe ndiyo iliyoniacha, na tangu hapo kalamu naishika kama mwiko.

Na najua mnachotaka hasa si safari. Mnataka habari za Saumu. Miaka saba mnaniuliza kapotelea wapi, mbona harusini haji, mbona maulidi haonekani, kwani tulimkosea nini. Na mimi miaka saba nawajibu vilevile: "Hajambo, yuko bize tu, Houston mbali." Leo nawaambia. Ruhusa ninayo, kanipa mwenyewe, na kwa nini kanipa mtaijua mwisho.

Kabla sijatoka

Kwa wale mliokuja juzi: Saumu na mimi tumekua pamoja Majengo, Mombasa. Tulikaa mkeka mmoja chuoni, chuo cha Kurani, na tukachapwa bakora moja, maana mwalimu alikuwa hapotezi nguvu kupiga mara mbili. Yeye alitangulia Marekani na mumewe, mimi nikafuata baadaye nikapata kazi hapa eapoti ya kusukuma wazee kwenye viti vya magurudumu. Yeye akaona hiyo ndogo. Akaingia jeshini. Ndiyo, jeshi la Marekani, Saumu yule yule aliyekuwa akikimbia mende. Wakamweka stoo, anagawa buti na mablanketi.

Ujauzito ulimkuta huko huko kwenye magwanda. Uchungu ulimshika siku mbili na zaidi, hospitali ya kambini. Mtoto alitoka keshakufa. Damu ikakataa kusimama, ikabidi wamtoe kizazi, na katika kumtoa, kibofu cha mkojo kikatoboka. Madaktari wanaita fistula. Maana yake, mkojo hausubiri mtu. Unatoka wenyewe, usiku na mchana, umekaa, umesimama, unaswali, unacheka. Walimshona mara moja, ikafumuka. Jeshi likamwambia asante, nenda nyumbani. Mume alivumilia miezi minane, halafu akasema anakwenda Minnesota kutafuta kazi. Kazi gani hiyo isiyokuwa na simu, mpaka leo sijui.

Akaja kukaa na mimi hapa Irving miaka miwili. Mnaukumbuka udi wake? Mlikuwa mkisema Saumu ananukia mpaka ngazini, Saumu mwanamke wa pwani kweli kweli, na wengine mkaniomba niwaibie mchanganyiko. Udi ule haukuwa pambo, shoga zangu. Ulikuwa ukuta.

Halafu akahamia Stafford, kule chini ya Houston, kwa sababu moja tu: Stafford hapakuwa na mtu anayemjua.

Sasa, akaomba ofisi ya maveterani wamlipe fidia ya ulemavu, iandikwe kwamba hili ni jeraha alilolipata akiwa kazini kwao, ili wamtibu tena, na safari hii kwa mabingwa. Wakataka barua ya mtu aliyeishi naye, aeleze alichokiona. Mtu huyo ni mimi. Kizungu changu ni cha "elevator on the left", kwa hiyo nikaenda DeSoto kwa ustadhi mmoja, mtu mzima anayeheshimika, aniandikie. Akanikaribisha, mkewe akaleta chai, akashika kalamu akasema, "Haya, binti yangu, mgonjwa ana nini?"

Mkojo. Nimwambie ustadhi mkojo. Na tupu ya mwanamke. Na chai ipo mbele yetu.

Nikasema: "Husumbuliwa kidogo na kiuno, ustadhi. Lakini alhamdulillahi, hajambo. Mchangamfu, anapika, anapokea wageni vizuri." Akaandika yote, akasema mashallah, barua nzuri. Nikatia sahihi.

Saumu naye alipopelekwa kwa daktari wa kumpima, daktari akamuuliza hujambo, akajibu sijambo, namshukuru Mungu. Daktari akaandika hivyo hivyo. Baada ya miezi, ombi likakataliwa, na ndani ya majibu wamenukuu sijambo zote mbili, yake na yangu, zimekaa pamoja kama sisi kwenye ule mkeka.

Akanipigia. "Mwanasha, uliandika nini?"

"Nilikusitiri, shoga."

"Ulinisitiri ukanizika."

Miezi mitatu hakushika simu yangu. Aliposhika ilikuwa kuniambia maneno haya tu: wamempa nafasi moja nyingine ya kusikilizwa. "Uje uyaseme kwa mdomo wako. Ukishindwa, mimi hawa watu siwafuati tena. Na wewe usinifuate."

Irving mpaka Dallas mjini

Niliondoka na mahamri arubaini, chupa ya chai na leso tatu. Safari yenyewe ya saa nne. Mombasa haijanitoka.

Kwenye treni ya kwenda mjini nikaamua nifanye mazoezi. Sentensi moja tu: Saumu anavuja mkojo. Maneno matatu, mtoto wa chekechea anayaweza. Nikafumba macho nikaanza kwa sauti ya chini, "Saumu ana... Saumu ana..." Neno likanikwama pale pale kama mwiba wa samaki. Nikatikisa kichwa, nikaanza tena.

Mama mmoja Mmarekani mweusi, amevaa kofia kubwa ya kanisani, aliponiona hivyo akadhani roho imenishukia. Akahamia kiti changu, akaniwekea mkono begani, akaniombea kwa jina la Yesu kutoka stesheni moja mpaka nyingine. Mimi na hijabu yangu. Ningefanyaje? Niliitikia amina. Alipomaliza akaniangalia kwa huruma ya kweli, akauliza kama niko sawa, na mimi bila kufikiri nikamjibu, "Fine, fine."

Hata Dallas sijafika, nimeshatoa sijambo moja.

Dallas mpaka mji wa Nyati

Basi lilitoka saa tatu na nusu asubuhi. Barabara ya Houston mnaijua, imenyooka kama mtu anayesema uongo: nyasi, ng'ombe weusi, bango la mawakili, nyasi tena. Kwanza kiyoyozi kilikufa. Watu wakaguna. Baadaye injini nayo ikaona isimwache mwenzake peke yake. Tukajikokota mpaka mji unaoitwa Buffalo, yaani Nyati. Nyati sikumuona. Niliona kituo cha mafuta, benchi moja lenye kivuli, na dereva aliyetuambia basi lingine liko njiani, kwa sauti ya mtu asiyejua ni njia gani.

Benchini nikakaa na mzee mmoja mweupe, kofia yake imeshonwa jina la vita alivyopigana, mguu mmoja kaunyoosha mbele kama mpini wa jembe. Nikafungua mahamri. Huwezi kula peke yako kando ya mtu, hata huyo mtu awe nani. Nikampa moja. Akaligeuza huku na huku.

"Sukari iko wapi?"

"Ndani."

"Naona hamtaki kujisifu," akasema, akalila. Akala manne.

Kizungu chake cha Texas na changu cha viti vya magurudumu vilielewana kwa shida, lakini tulikuwa na saa tatu. Nikamwambia nakwenda kuwa shahidi wa rafiki yangu, askari. Sikumwambia ana nini. Hakuuliza. Akagonga goti lake kwa ngumi, akanisimulia alivyokwenda kupimwa hilo goti na watu wale wale wa maveterani. Siku hiyo alinyoa ndevu, akapiga viatu rangi, akaingia kwa daktari ameinua kifua, kwa sababu jeshini walimfundisha usichechemee mbele ya mkubwa.

"Wakaandika natembea vizuri," akasema. "Nikatoka nje, nikakaa garini nusu saa siwezi kuuinua mguu nikanyage breki."

"Halafu?"

"Mara ya pili nilikwenda nilivyo. Msikilize mzee, bibie. Usiwaambie siku nzuri. Siku nzuri haihitaji shahidi. Waambie ile mbaya kuliko zote, halafu unyamaze."

Nikakaa nikimuwaza Saumu. Maskini, yeye alikuwa na magonjwa mawili yanayozuia kusema, uaskari na Uswahili. Upi ungemwachia nafasi ya kulia?

Mji wa Nyati mpaka Houston

Basi jipya lilikuja saa nane, baridi mpaka meno yanagongana. Wamarekani hawana kati na kati.

Tulisimama Huntsville kuchukua abiria. Wakapanda wanaume kama kumi, wamevaa nguo zinazofanana, viatu vipya, kila mmoja na mfuko wa wavu mkononi, na nyuso zinang'aa kama za watoto siku ya kuhitimu. Nikasema hawa lazima ni timu ya mpira, na wameshinda. Mimi mtu wa furaha za watu. Nikapiga makofi, nikawaambia kwa sauti, "Congratulations."

Basi zima likageuka kuniangalia. Kisha mmoja akacheka, wote wakacheka, na kijana mrefu akaja kukaa kando yangu akisema, "Asante, mama. Miaka kumi na moja, na wewe ndiye wa kwanza kunipongeza." Walikuwa wamefunguliwa gerezani asubuhi ile. Laiti sakafu ya basi ingefunguka. Badala yake nikafungua mahamri.

Alipomaliza la pili nikamuuliza, kwa mazoea tu, kama mnavyoniuliza, "How are you?"

Akageukia dirishani. Tukapita misonobari, tukapita lile sanamu refu jeupe lililosimama peke yake kando ya barabara, tukapita magari yanayouzwa. Nikadhani kalala.

"Sijui bado," akasema baadaye sana. "Niulize tukifika Houston."

Basi nilipoona yale majengo marefu, nikamuuliza tena. Alikuwa kakishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Naogopa," akasema. "Na nina furaha. Na nahitaji choo."

Wallahi nilimwonea wivu. Kafungwa miaka kumi na moja, na anajua kujibu hujambo. Mimi niko huru tangu nizaliwe, sijui.

Stafford

Saumu alikuwa amesimama nje ya kituo cha mabasi, funguo za gari mkononi. Udi ulinifikia kabla yake. Amekonda. Leso mbili kiunoni, juu yake buibui, na jua la Houston lile la kupikia.

"Hujambo, Mwanasha."

"Sijambo. Wewe?"

"Sijambo."

Waongo wawili tukaingia garini. Kiti chake amekitandika nailoni, juu ya nailoni leso iliyokunjwa mara nne. Hakusema kitu kuhusu kuchelewa kwangu. Aliniuliza habari zenu, kila mmoja kwa jina lake. Nani kaozesha, nani kajifungua, nani kahamia wapi. Niliposema harusi ya mwezi uliopita tulicheza mpaka mwenye ukumbi akazima taa, akatabasamu akiangalia barabara. "Walipiga chakacha?" Nikasema walipiga. "Nani aliongoza?" Nikamwambia ukweli: hakuna. Tangu yeye aondoke hakuna anayeongoza, tunazunguka tu kama kuku waliokosa mlango.

Kwake, makochi yote yamefunikwa nailoni. Nikafungua mdomo kumtania, kwamba shoga umekuwa tajiri, kochi lisichakae. Nikaufunga.

Alipika kuku wa kupaka, nazi ya kopo, akamchoma kwenye oveni, na bado ilikuwa ladha ya kwa mama yake. Akanipakulia mezani. Yeye akala amesimama, sahani juu ya kaunta.

"Kaa basi."

"Nimezoea."

"Saumu, nyumba yako hii."

"Ndiyo maana sikai."

Mezani palikuwa na glasi moja, yangu. Yeye maji anayaacha mchana wote akiwa na wageni au akiwa na mahali pa kwenda, ili yapungue ya kutoka. Na kesho alikuwa na mahali pa kwenda. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu aliyefunga siku tatu.

Nikamkumbuka Saumu wa zamani. Harusini Majengo viti vikipungua, alikuwa ananikalia mapajani, mzito, jasho, anacheka, mpaka miguu inakufa ganzi. Hapa Irving, kabla hajaumwa, akija wikendi kutoka kambini alikuwa anajitupa kitandani kwangu bila hodi, "Sogeza huo mwili." Nilikuwa nalalamika. Tangu aumwe kitanda changu kina nafasi, na hiyo nafasi ndiyo inayonikosesha usingizi.

Nilipokuwa naosha vyombo akaja akasimama mlangoni.

"Kesho watakuuliza, Mwanasha. Utaweza?"

"Nitaweza, inshallah."

"Inshallah ya kuja au inshallah ya kutokuja?"

Mnazijua zote mbili. Nikafuta mikono nikamwambia, "Ya kuja."

Ofisini, Houston

Tulipofika kwenye ukumbi wa kusubiri, mama mmoja anayemsaidia Saumu na makaratasi akatuletea mkalimani wangu. Mwanamume. Mkongomani, mtu wa makamo, tai imemkaba, jina lake Innocent.

Nikamvuta Saumu kando. "Mwanamume."

"Nimeona."

"Siwezi, Saumu. Wamtafute mwanamke."

"Basi nenda," akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kituo cha basi unakijua."

Innocent alikuwa amesikia. Akaja polepole, akasimama mbali kidogo kwa adabu.

"Mama, usiogope miye. Leo miye si mwanaume, niko mdomo tu. Ile utasema, ile njo nitasema."

Nikaangalia chini.

"Kwetu Uvira," akaendelea, "shangazi yangu alikuwa na hii ugonjwa. Tunaita fistule. Alilala mu chumba ya nyuma miaka mingi. Watu bakiuliza, tunasema iko na malaria. Kila siku malaria."

"Malaria ya miaka mingi," nikasema.

"Njo vile, mama. Alikufa na ile malaria. Hakuna mwenye alisema."

Tukaitwa.

Chumba kidogo, meza, kinasa sauti, na mama mweupe wa makamo, miwani yake imening'inia kwa uzi. Ndiye wa kusikiliza. Akatusalimia vizuri, akamuuliza Saumu, "How are you today?"

"Fine, thank you," Saumu akasema.

Nikamtazama. Hata hakujijua.

Nikaapishwa. Kisha yule mama akaitoa barua yangu ya DeSoto, akaisoma yote, taratibu: kiuno kidogo, mchangamfu, anapokea wageni. Kwa Kizungu ilikuwa nzuri zaidi. Saumu yule hata mimi ningetamani kuwa yeye.

"Hii uliiandika wewe?"

"Ndiyo."

"Leo umekuja kusema mengine. Nataka kuelewa. Ipi ni kweli?"

Nikamgeukia Innocent. "Mwambie kwetu mtu akikuuliza hujambo, unasema sijambo. Hata ukiwa unakata roho. Unasema sijambo, alhamdulillahi, homa kidogo tu. Mtu akisema kwamba hali yake mbaya, wageni wanaanza kuuliza maziko saa ngapi."

Innocent akatafsiri, na sauti yake ikamtoroka kidogo, akacheka. Yule mama hakucheka, lakini aliweka kalamu chini.

"Basi usiniambie hajambo," akasema. "Niambie ulichokiona."

Nikamkumbuka mzee wa Buffalo na goti lake. Siku mbaya kuliko zote. Na siku hiyo, shoga zangu, nyinyi mlikuwepo.

Ni ile Idi yenu ya Mama Jagi. Mlikuja kwangu, mmejaa sebuleni mpaka kwenye mikono ya makochi, na Saumu mkamlazimisha akae. Alikataa mara tatu. Mkasema ana maringo. Akakaa kwenye lile kochi langu la kijani, upande wa dirishani, na mkaanza kumsimulia, naye akasahau. Akacheka. Mnajua anavyocheka, na mwili mzima. Mimi nikitoka jikoni na jagi nikamwona uso umebadilika. Nikaona kanzu yake nyeupe. Nikaona kochi. Na mmoja wenu alikuwa ameshaanza kunusa na kuangalia chini ya meza, akiuliza kama paka wa jirani kaingia.

Nikajikwaa. Mlivyocheka. Jagi zima la sharubati nyekundu, lote, mapajani mwa Saumu na kochini. Miaka yote mnasimulia jinsi Mwanasha asivyoweza kubeba hata jagi.

Sikujikwaa, shoga zangu. Zulia langu halina mahali pa kujikwaa.

Hayo niliyasema mbele ya kinasa sauti. Nikasema: Saumu anavuja mkojo. Nikasema nimefua mashuka yake miaka miwili, na godoro tulilitupa, na la pili tukalitupa. Nikasema haswali msikitini. Nikasema hanywi maji. Nikasema usiku ule wa Idi alikaa ndani ya bafu na nguo zake, na hakwenda tena nyumbani kwa mtu yeyote, na baada ya wiki akafungasha. Innocent alikuwa ananifuata neno kwa neno, hakupunguza, hakupamba. Nilipofika kwenye bafu nikashindwa kuendelea, naye akasubiri, macho mezani, na nilipolia hakuniangalia. Mungu amlipe.

Ndipo Saumu aliposema, kwa Kizungu chake cha jeshini, mgongo umenyooka:

"Samahani. Nilipoingia uliniuliza hali yangu, nikasema fine. Nataka kuiondoa hiyo. Tangu asubuhi nimebadilisha nguo mara nne. Na sasa hivi ni ya tano."

Yule mama akavaa miwani, akaandika. Akaandika muda mrefu. Kisha akauliza kama Saumu anahitaji mapumziko, na Saumu akasema ndiyo, nahitaji. Kwa miaka saba sijawahi kumsikia akisema anahitaji kitu.

Kurudi

Majibu watayatuma kwa posta. Mpaka leo ninapoandika, hayajafika. Naweza kuwaambia nina matumaini, lakini hiyo ni sijambo nyingine. Sijui. Naogopa. Kila siku nampigia kuuliza mtu wa posta kapita.

Ninachokijua ni hiki. Tulipotoka pale, alisimamisha gari dukani, akarudi na chupa kubwa ya maji, ile ya wanaofanya mazoezi. Akaifungua mbele yangu, jua kali, saa sita mchana, akainywa. Akapumzika, akainywa tena mpaka ikajikunja kwa kunyonywa. Nikamwambia, "Shoga, na njia yote hii ya Stafford?"

"Vyoo vipo," akasema. "Na nguo ninazo. Wacha ninywe."

Kwenye kituo cha mabasi alishuka kunisindikiza. Basi likaitwa. Ndipo akanishika mkono wa buibui.

"Waambie."

"Nani?"

"Wote. Wanaoniuliza. Waambie nina nini na nililipataje, usiweke kiuno, usiweke bize. Halafu waulize kama wanataka nije Idi."

"Watasema karibu, Saumu. Sasa hivi nikipiga simu watasema karibu."

"Karibu wanamwambia hata fundi wa umeme. Karibu siitaki. Mtu akitaka nije, aseme nikija nitakaa wapi. Aseme kiti gani."

Hilo ndilo lililonikalisha chini niandike, mimi mwenye mkono wa mwiko. Safari ilikuwa hivyo. Na swali lake nimelileta kama alivyolitoa, msinijibu kwa simu haraka haraka. Nendeni mkayaangalie makochi yenu kwanza.

Mimi changu nimeshamwambia. Lile la kijani, upande wa dirishani, penye doa la sharubati ambalo halijatoka mpaka leo. Haya, nyinyi je?